Viatu vya Uzi Mwekundu

Jumanne, jioni. Mvua iliyoanza alfajiri imekatika, yamebaki matope. Sina hamu ya kula.

Asubuhi, nikienda kazini, nilikuta bendera inapandishwa mbele ya shule. Kila aliyekuwa njiani akasimama wima, kama kawaida yetu. Hatua tatu mbele yangu mzee mmoja akaanguka kifudifudi, kichwa upande wangu, koti likakifunika. Hakuna aliyesogea. Nikajisemea, bendera kwanza.

Bendera ikafika juu, wimbo ukaisha, filimbi ikalia. Tulikuwa huru kutembea.

Bado tukasimama.

Hapo ndipo siwezi kujitetea. Nilimtazama mwanamke wa kushoto kwangu, kumbe naye ananitazama mimi. Kila mmoja alisubiri uso wa mwenzake umwambie kama ni jambo zito au ni ulevi tu. Kwa kuwa wote tulitulia, wote tukaamini hakuna shida. Mtu nyuma yangu akasema, "Benyewe batakuya." Yaani, ndugu zake watakuja. Maneno hayo yalinipa raha, nakiri, hata nikatazama saa yangu. Nadhani ningekuwa peke yangu na yule mzee, ningemwinua. Wingi wetu ulinipa ruhusa ya kuwa mwoga.

Mama mmoja muuza mikate akatua beseni lake, akapiga magoti, akamgeuza.

"Benyewe beko wapi?" akauliza.

Nikauona uso. Mwenyewe nilikuwa mimi.

Alikuwa Baba mdogo, fundi viatu, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Juma lililopita tu alinitilia soli mpya kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulimwishia, nami nikamtania kwamba ananivalisha kama mcheza ngoma.

Nilimkimbiza hospitali kwa teksi. Daktari anasema sukari ilishuka, atapona. Nilifurahi mno. Nikafurahi pia, kwa aibu, kwamba alikuwa amezimia na hakujua lolote.

Mchana ulimi ukamfunguka. Akanishika mkono.

"Kinywa ilikatala kusema, mwana. Lakini chini ya koti niliona bilato yako, na ile uzi ya rouge. Nikasema, aksanti Mungu, mutoto wetu iko hapa."

Basi aliviona viatu vyangu. Aliona pia kwamba havikusogea, na hilo hakulitaja. Kesho nitakwenda kulitaja mimi, kabla hajanisamehe kimya kimya.