Kikao cha Kamati ya Afya ya Kapata Kuhusu Vidonda vya Wachimbaji na Ombi la Mama Bilonda

Tarehe: Jumamosi, 16 Machi 2024
Mahali: Chumba cha katekisimu, parokiani Kapata
Waliohudhuria: Tata Zéphirin (mwenyekiti), Mama Agnès (mwandishi), Tata Kalombo (muuza dawa sokoni), Mama Bilonda (mjane wa mchimbaji Ntambwe)
Mgeni: Tania, mtafiti kutoka maabara ya Lubumbashi
Asiyekuwapo: Tata Rémy, bila udhuru, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri kwa sala ndefu kuliko ajenda.

KUMB. NA. 2/2024: MATOKEO YA UTAFITI
Tania alieleza kwamba usaha uliochukuliwa kwenye vidonda vya wachimbaji ulipimwa, na bakteria wengi hawafi tena kwa dawa za kawaida. Alitaja desturi yetu ya kufungua kapsuli za antibiotiki na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana.

Tata Kalombo alisema anasingiziwa: "Mi nauzisha tu. Kidonda haiombake ordonnance, karatasi ya munganga." Mwenyekiti alimkumbusha kwamba aliahidi kutouza tena kapsuli mojamoja. Tata Kalombo alinuna.

KUMB. NA. 3/2024: OMBI LA MAMA BILONDA
Mama Bilonda aliuliza kama bakteria waliomuua mumewe mwaka jana, kwa kidonda cha mguu, wamo katika utafiti. Tania alikubali. Wanatunzwa hai kwenye friji ya maabara, ili kila dawa mpya ijaribiwe kwao.

Mama Bilonda aliomba aende kuwaona: "Bile bidudu biko bizima, bilikula ku mwili ya bwana yangu. Ye hayuko. Mi namutamani sana, tata. Kila asubui nilikuwa namuwekea ule unga, anacheka, anasema niko namupaka poudre sawa mutoto."

Mwenyekiti alisema ombi hilo haliko kwenye ajenda. Mwandishi aliliingiza hapo hapo.

Tania alieleza kwa upole kwamba wageni hawaingii, na hata wangeingia, wangeona madoa meupe tu kwenye kisahani.

Mama Bilonda akasema: "Basi mutafute ile dawa, mubiue. Lakini mbele ya kubiua, muniite."

Kamati iliazimia kwamba aitwe kabla ya bakteria hao kuuawa. Tania aliahidi, ila alionya kwamba dawa hiyo inaweza kuchukua miaka mingi.

Mama Bilonda alijibu: "Mi niko. Nitangojea."

KUMB. NA. 4/2024: KUFUNGA
Mwenyekiti alifunga kikao kwa sala fupi. Watu waliondoka saa kumi na nusu.

Zéphirin, Mwenyekiti ..............
Agnès, Mwandishi ..............