Ndege Niliyemfukuza Mlimani

Butimba, Jumapili

Bado najichukia. Siku tatu mjukuu wangu Kabula aliwapandisha wageni msitu wa mlimani, kwenye ukungu, wamwone ndege mmoja tu adimu. Mimi nilikwenda kuwapikia.

Ndege huyo akatua karibu na sufuria yangu. Maisha yangu yote nimefukuza ndege shambani kwenye mtama. Mkono ukarusha jiwe kabla sijafikiri. Akapotea.

Tajiri wa Kabula, wa hizi kampuni mpya za watalii, alikuwa nasi, akafoka: “Nani huyo karusha?”

“Mimi,” akasema Kabula.

Nami nikanyamaza, na mvi zangu hizi!

Leo kafukuzwa kazi. Kaja, “Shikamoo bibi,” halafu ananitania: “Kule hakuna mtama, bibi!” Nikacheka, nikaweka uji chini.

Hata kuandika kanifundisha yeye.

Kesho naenda Ilemela kwa huyo tajiri. Nitamwonyesha mkono uliorusha jiwe.