Tangazo Langu Lililorudishwa

Bertrams, Johannesburg
Jumanne

Alexis,

Wiki ya tano sasa mtoto wako anakupigia simu na wewe unaiacha ilie mpaka ichoke. Nani alikufundisha hivyo? Marehemu baba yako alikuwa mkali, hata sahani za nyumba ile zilijua, lakini hakulala siku moja bila kumjibu mtoto aliyemwita. Aibu! Mtu mzima, mvi kidevuni, unashindana na binti wa miaka ishirini na nne.

Haya. Nimekwisha kugomba, sasa nakusalimia. Hujambo wewe? Mke wako na goti lake wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima, asante Mungu. Baridi ya Julai inatuuma, najifunika blanketi mbili hata mchana, lakini chakula napata na usingizi napata. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe; darasa nne za masista zinatosha. Sikutaka kukutumia sauti, maana sauti za simu wewe unazifungulia mezani, nyumba nzima na majirani wanasikia. Agnès, yule mwenye duka la vitenge, anapanda basi Alhamisi kuja Lubumbashi. Atakupa mkononi. Isome peke yako.

Nataka uyajue mambo ya tangazo kama yalivyokuwa, maana nilivyokueleza mara ya kwanza nilikueleza vibaya.

Agnès alitaka duka lake litangazwe kwenye televisheni, katika kipindi chetu cha Kiswahili cha Jumamosi, kile cha habari za Wakongo wa huku na majina ya marehemu wetu. Akaniambia, Mama Euphrasie, Johannesburg nzima hakuna sauti kama yako. Alisema kweli. Niliuza samaki wakavu Kalemie miaka kumi na tisa, na nikiita, mteja aliyekuwa anatoka sokoni anarudi. Tukaenda kurekodi katika chumba nyuma ya saluni. Agnès akamwambia fundi aipandishe sauti, ipande mpaka aliye jikoni aache sufuria. Mimi nikatangaza kanisani. Jumamosi wamama tisa wakajaa kwangu, nimevaa kitenge kipya kukaa mbele ya televisheni yangu mwenyewe. Kipindi kikaanza, kikaisha. Mimi simo. Léocadie, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaniuliza: “Mama Televisheni, utuongeze chai, au tukungoje mwaka kesho?” Wakacheka mpaka kwenye ngazi.

Jioni binti yako Arlène akarudi kutoka kazini. Kazi yake pale kwenye televisheni, kama ulikuwa hujui, hakuna kipindi wala tangazo linalotoka kabla yeye hajalipima sauti. Akaniambia bila kuficha kwamba aliyelirudisha ni yeye, limepita kipimo. Nikamwuliza ni kipimo gani hicho kikubwa kuliko nkambo yake, bibi aliyemlea. Nikamwambia na mengine, mbele ya Léocadie, ambayo karatasi hii haiyataki. Wiki tatu sikugusa chakula alichopika. Nilikula mkate na chai kama mgonjwa, na yeye kila siku alinifunikia sahani.

Mwisho nikapanda teksi mpaka kazini kwake, upande wa Sandton, nimshitaki kwa mkubwa wake. Mkubwa mwenyewe ni mwanamke, Serah, Mkenya, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Hakubishana na mimi. Alinipa kiti, akaniomba nitazame kama niko nyumbani, akafungua kipindi kile cha Jumamosi. Msomaji alikuwa anataja marehemu wetu polepole, jina kwa jina, na mmoja nilimjua, nikainamisha kichwa. Ghafla: “Karibuniii!” Alexis, niliruka. Kitambaa cha kichwa kikaanguka chini. Nikauliza huyo mwehu ni nani anayewapigia wafiwa kelele. Serah akaniokotea kitambaa, akasema kwa heshima, “Ni wewe, mama. Tangazo lako tumelipachika hapo ulisikie lingekuwaje.”

Halafu akanionyesha mashine. Ina mistari ya kijani inayopanda na kushuka, na namba yenye alama ya kutoa mbele yake, kama wanavyosoma baridi ya asubuhi huku. Kwao kila kitu sharti kifike kutoa ishirini na tatu, filamu ya matajiri na duka la Agnès sawasawa. Langu lilikuwa kutoa kumi. Ukikaribia sifuri, ndiyo kelele inazidi. Na mashine haikamati neno moja tu, inasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho ndipo inahukumu. Serah alisema bila kipimo kila mwenye duka angemfunika mwenzake kwa makelele, na mtu angekaa sebuleni kwake na rimoti mkononi kama fimbo.

Nikasema, basi ishusheni, si kuna kifungo? Arlène alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akanijibu kwamba kushusha ni rahisi na namba itakubali, lakini nitasikika kama mtu anayepiga kelele ndani ya kabati. Fundi wa saluni alikuwa ameiminya sauti yote ilingane, hata pumzi yangu inavuma sawa na mwito wangu. Akaniuliza, “Nkambo, kule Kalemie ulikuwa unaita kutwa nzima?” Nikamwambia asinitukane. Kutwa nzima wanaita wajinga. Mimi nilikuwa naongea na mteja chini chini, nawaacha wenzangu wachoke, ndipo naita mara moja. Akacheka, mara ya kwanza kwa wiki tatu. Akasema ndivyo atakavyolitengeneza.

Na alilitengeneza, siku tatu, saa yake ya kula. Alimfuata fundi akachukua sauti yangu ya kwanza kabla haijaminywa, akakuta mle ndani namfundisha Agnès jinsi ya kupitisha kidole gumba kwenye kitenge ujue kama ni cha kweli. Fundi alikuwa ameikata ile, ati ni maongezi. Arlène akaiweka mbele, chini chini, na mwito mmoja tu mwishoni. Namba ikatulia palepale panapotakiwa. Jumamosi iliyopita likatoka, mbali na majina ya marehemu. Sasa watu wananisimamisha kwenye robo, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, wanataka niwaitie. Mungu ambariki mtoto huyu. Nimezaa watano na nimelea kumi na mmoja, sijapata anayenitunza hivi.

Sasa tulia, Alexis. Ile sauti niliyokutumia siku ya kicheko, nikilia, kwamba Arlène amesema Kiswahili chetu ni cha wakimbizi na kinamtia haya: hakusema. Hakusema hata nusu yake. Niliyatunga mimi. Nilikuwa nimechekwa nyumbani kwangu na nilitaka mtu mwingine aumie. Nilidhani utamgombeza siku moja, yaishe.

Jumamosi hiyo iliyopita Arlène alinipa simu yake nilisikilize tangazo tena. Nikabonyeza vibaya, yakafunguka maandishi yako: “Kama lugha ya mama yangu inakutia haya, usiniite papa.” Nilisoma neno kwa neno, na tarehe nikaisoma. Ulimwandikia siku ya pili tu baada ya maneno yangu. Kwa hiyo wiki zote hizo alijua uongo umetoka kwangu, maana ungetoka kwa nani? Bado alinifunikia sahani. Bado aliacha kula ili sauti yangu itoke vizuri. Na kila alipokupigia hakukuandikia hata mstari mmoja kwamba mama yako ni mwongo.

Nilimtukana mbele ya Léocadie, kwa hiyo nimemwomba radhi mbele ya Léocadie. Arlène alinishika mikono yote miwili, akaniuliza tu: “Nkambo, sasa papa atapokea?” Jibu unalo wewe.

Msalimie mke wako, mwambie goti alisugue kwa mafuta ya moto na aache kubeba maji. Wabusu watoto. Wa kanisani wakiniuliza, waambie Euphrasie yupo na sauti yake ipo.

Hasira yako juu yangu ni haki yangu, nitaipokea nikiwa nimekaa, siku nyingine. Siku utakayopata barua hii, saa saba mchana, saa zenu na zetu ni moja, Arlène anatoka kula. Piga wewe. Mwite mama, kama ulivyokuwa unamwita alipokuwa mdogo. Mwambie umekosa. Halafu mwulize habari za kazi yake, ufunge mdomo, umsikilize mpaka amalize.

Mimi mama yako mzazi,
Euphrasie