Neno Lililobanduka Kwenye Pazia la Chuma

9 Mtaa wa Tanner,
Calderby,
Yorkshire.

12 Novemba, 2023

Mpendwa kaka Desmond,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye mwanga wa kutosha, maana mkeo Noeline aliniambia kwenye simu kwamba umetolewa mtoto wa jicho na kwamba unakataa kuweka dawa. Weka dawa, bwana. Tumebaki wawili tu, na mimi sitaki kumwandikia mtu asiyeweza kusoma. Mguu nao unaendeleaje? Na huko ng'ambo, Dunedin, baridi imeisha, au bado mnalala na soksi?

Mimi sijambo kwa mtu wa miaka sabini na mitano. Goti la kushoto ndilo linalonitesa, hasa mvua ikinyesha, na mvua ya Calderby unaijua mwenyewe. Mwanangu Gillian huja kila Jumamosi na gari lake. Ananipeleka sokoni, ananigombeza kwa kubeba vitu vizito, anakula chakula changu, kisha huyo, anaondoka. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeichana, kwa hiyo tafadhali usiruke mistari.

Ukumbi wetu wa Empress umefunguliwa tena. Ulikuwa umefungwa tangu mwaka juzi, paa linavuja, maji yanashuka mpaka jukwaani. Sasa wameezeka upya na dari wamelipaka rangi ya dhahabu, lakini ndani harufu ni ile ile ya vumbi na makoti yaliyolowa. Viti vya roshani ya juu bado vimebanana kiasi kwamba magoti yanakufikia kidevuni. Watu wanakata tiketi kwa hiari yao wakateseke kule juu, na mimi ni mmoja wao.

Wiki tatu zilizopita nilipata barua kutoka kwao. Wanatafuta familia za wenye maduka yaliyochorwa kwenye lile pazia la chuma la kuzuia moto, lile linaloshushwa mbele ya watazamaji kila wakati wa mapumziko. Matangazo yako kumi na nane: muuza makaa, fundi wa meno, muuza samaki wa kukaanga na wenzao. Hakuna duka hata moja lililo hai leo. Familia walizozipata ni tano tu, na yetu wameipata kwa kuwa mimi sikuhama.

Jumamosi iliyopita tuliitwa tukalione, saa nane mchana, kabla ya onyesho la alasiri. Tulikaa viti vya chini, watu kama kumi na tano katika ukumbi mtupu, wazee wengi, kila mtu na fimbo yake. Kengele ikalia, pazia likaanza kushuka polepole huku likinguruma. Sikutarajia, Des, lakini machozi yalinitoka kabla halijafika chini.

Mstari wa chini ndio ulioharibiwa na maji, na tangazo letu liko huko, kona ya kulia. SUGDEN inasomeka vizuri. MIAVULI inasomeka nusu. Katikati, pale palipoandikwa NA MWANA, yaani wewe, rangi yote imebanduka, na kilichobaki ni chuma kitupu chenye kutu.

Anayesimamia ukarabati ni dada mmoja anaitwa Farzana, mzaliwa wa hapa hapa. Babu yake alifanya kazi kiwanda cha sufu pamoja na mjomba Harold, kwa hiyo anaongea kama sisi, haraka haraka na bila kupamba. Alipiga magoti mbele ya tangazo letu na tochi yake, akaniuliza, "Mama, hapa katikati palikuwa na neno gani? Picha tulizonazo hazionyeshi kitu."

Kabla sijajibu, Gillian akanijibia. Alisema paandikwe NA BINTI, tena kwa herufi kubwa. Akaanza kumhesabia Farzana kwa vidole: mama aliingia dukani akiwa na miaka kumi na tisa, akalifunga mwenyewe mwaka 1998, amenyoosha vyuma na kubadilisha vitambaa vya miavuli ya mji mzima, na bado wateja walimwita binti wa Sugden mpaka mvi zikamtoka, hata jina lake hawakulijua. Farzana akacheka. Akasema kwake hakuna tatizo. Kwa kuwa hakuna picha inayoonyesha, neno la familia linatosha, mradi watoto wote wa Baba walio hai watie saini. Wachoraji wanaanza kazi tarehe kumi Januari.

Sitakuficha. Nilitaka.

Tulibaki kutazama onyesho. Sikumbuki lilihusu nini. Mapumziko yalipofika Gillian alikwenda kupanga foleni ya aiskrimu, watu wakatawanyika, na mimi nikabaki nimekaa nikikiangalia kile chuma kitupu kwa dakika ishirini. Hapo ndipo nilipojua kwamba lazima nikuandikie, na kwamba sitakuandikia habari za saini peke yake.

Mwaka 1953, Baba alipokodi nafasi ile, wewe ulikuwa na miaka tisa na mimi mitano. Alituvalisha nguo za kanisani, akatupandisha ngazi zote zile tukaone igizo la Krismasi. Watoto wengine walikuja kuwapigia kelele waigizaji, kama ilivyo desturi. Baba yeye alikuja kuona pazia. Liliposhuka alikushika kidevu, akakugeuza uso, akakwambia, "Lione jina lako hilo, mwanangu." Mimi nilikuwa upande wake wa pili. Nikangoja anigeuze na mimi. Nilikuwa sijajua kusoma vizuri, nikadhani labda langu limeandikwa kwa herufi ndogo, kwa hiyo nikalitafuta mpaka pazia likapanda.

Ulipoondoka mwaka 1967 sikukulaumu kwa kuondoka. Miavuli haikuwa kazi yako. Wewe mtu wa kutengeneza injini za meli ungekufa kwa kuchoka pale kaunta. Nilikulaumu kwa kuniachia duka na Baba. Baba alikwambia mbele ya wateja kwamba ukitoka umetoka, na mzee huyo hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Tangu mwaka huo, kila Krismasi, pazia likianza tu kushuka alikuwa anasimama, anavaa kofia na kwenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka mapumziko yaishe, iwe mvua, iwe theluji. Na kila Januari alikodi tena nafasi ile ile, kwa maneno yale yale. Mara moja nilijaribu kumwambia kwamba maneno yanaweza kubadilishwa. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

Sasa keti vizuri, kaka.

Oktoba 1985 ulipiga simu dukani. Mtu alikuwa amekuandikia kwamba Baba anakohoa, ukaniuliza kama uje Krismasi. Nakumbuka mezani palikuwa na mwavuli wa mke wa kasisi, chuma kimoja kimevunjika, na nilikuwa nakizungushazungusha vidoleni nikiongea nawe. Nilikujibu, "Hakuna haja. Mzee yuko imara, anakula kutushinda sote." Ukashukuru. Ukasema basi utakuja mwakani kukiwa na joto.

Des, daktari alikuwa ameniambia tangu Septemba. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Aliniambia waziwazi kwamba Baba hataiona Pasaka. Hayo yote niliyajua nikiwa nimeshika simu.

Miaka hii yote nimekwambia alikufa ghafla. Hakufa ghafla. Alikufa polepole, kwa miezi mitano, nami nilikuwa naye kila siku, na kila siku ningeweza kukupigia.

Utauliza kwa nini. Niliogopa. Niliogopa utaingia mlangoni na koti lako la ugenini, Baba atainuka kitandani, atakukabidhi funguo, na mimi niliyesimama nyuma ya kaunta ile miaka kumi na minane nitaambiwa nikachemshe chai. Nilikuwa na wivu, tena wivu mbaya. Nilisema moyoni kwamba wewe ndiye uliyechagua kwenda, basi kaa huko huko. Nisingependa uulainishe wivu huo kwa ajili yangu. Ulikuwa hivyo.

Tena kuna la Desemba, ambalo hata marehemu mume wangu Norman hakulijua, ingawa ndiye aliyemshika Baba mkono siku ile mpaka kitini. Mzee alitaka kwenda Empress na hakusikia la mtu. Roshani hakuiweza tena, nikakata tiketi za chini, onyesho la mchana. Norman akarudi kazini. Nusu ya kwanza Baba alisinzia. Mapumziko yakafika, pazia likaanza kushuka, nikamnyooshea kofia yake maana nilijua atataka kutoka. Hakuipokea. Nikadhani ni pumzi zimemwishia. Kumbe alikuwa analiangalia pazia. Alilisoma tangazo letu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka watu wa mbele wakageuka. Kisha akasema bila kunitazama, "Angekuja, ningemwonyesha kwamba sikumfuta."

Simu yako ilikuwa na wiki nane. Ningeweza kumwambia, Baba, aliomba kuja. Ningeweza kwenda kwenye simu iliyokuwa pale pale karibu na mlango, muda ulikuwepo na sarafu ninazo. Nilichofanya ni kumnunulia aiskrimu na kumwekea kijiko mkononi. Pazia likapanda, igizo likaendelea, watoto wakapiga kelele. Alifariki tarehe ishirini Februari.

Ulipokuja Julai ulisimama kaburini muda mrefu, ukasema, "Mtu angeniambia tu." Mimi nilikuwa nyuma yako, nimekushikia mwavuli. Nilikujibu kwamba twende, utalowa.

Basi ndiyo hayo. Gillian anadhani nimechelewa kujibu kwa sababu ya unyenyekevu. Ananitania kwamba nimezoea kukaa nyuma ya kaunta hata jina langu linaona aibu kutoka. Nimemwacha aseme. Nitamwambia, lakini wewe ulistahili kujua kabla yake. Siwezi kukuomba saini ya kukutoa kwenye pazia la Baba wakati nilishakutoa kwa Baba mwenyewe na wewe hukujua.

Sikuombi unisamehe kwa posta. Ukikasirika, kasirika, una haki yote, na mimi sitakujibu hata neno. Ukinyamaza pia nitaelewa. Ninachoomba ni usimlaumu Baba tena. Uliniambia wakati ule kwamba alikufa hajataka kukuona. Alitaka, kaka. Alikungoja.

Nisalimie sana Noeline, na umwambie shali aliyonitumia ndiyo ninayoivaa ninapoandika. Wasalimie wanao Craig na Heather na wajukuu wote, hasa yule mdogo anayecheza filimbi. Gillian anakusalimu. Binamu Enid wa Halifax naye anakusalimu. Kichwa chake bado kizima kuliko changu, ila masikio hayapo. Mungu akulinde, akuponye jicho hilo, na akujalie usingizi mzuri baada ya kusoma haya, kwa sababu najua nimeuondoa.

Ndani ya bahasha hii utaikuta fomu ya Farzana. Chini kuna nafasi mbili za saini, na ya kwanza nimeshatia yangu. Juu yake kuna mstari wa maneno yatakayochorwa pale katikati. Gillian alitaka aujaze kabla sijaipeleka posta, nikamnyang'anya kalamu. Mstari huo nimeuacha mtupu. Ujaze wewe. Ukiandika mwana, ukiandika binti, au ukitaka kibaki chuma kitupu, sitakuuliza kwa nini, maana nimeshakubali kabla hujaandika.

Ni mimi dada yako akupendaye, ingawa nilikuchelewesha,

Muriel