Kidole Gumba Kilichokakamaa

Mwalimu Ambakisye,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia. Nakuandikia jioni hii ya Jumamosi nikiwa kanisani, kwenye benchi lako, kwa sababu kesho kikundi chako cha fidla huenda kikafa mikononi mwangu.

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayewafundisha. Sikuomba, ila hakukuwa na mwingine. Jumapili iliyopita tulipiga wimbo wa sadaka. Pinde ziliruka juu ya nyuzi na kukwaruza mpaka watoto wakacheka. Baada ya ibada wazee wa kanisa wakaniita. Walisema tukirudia hivyo kesho, fidla zote sita zitapelekwa usharika mwingine, kwani kinanda kinatosha.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nilianza na mikono yao. Wale vijana wa Isongole hujipaka mafuta ya mgando kwa sababu ya baridi, kisha wanashika nywele za upinde, na upinde unateleza tu bila kutoa sauti. Nikawanawisha kwa sabuni, nikazisugua nywele za pinde upya kwa utomvu mkavu wa msonobari ili zishike nyuzi. Halafu nikawasimamisha, nyuma ya bega la kulia ikigusa ukuta, ili mkono usirudi nyuma na upinde uende sawa. Ulinifanyia hivyohivyo miezi mitatu, nami nikakununia. Sauti ilinyooka kidogo, lakini pinde ziliendelea kutetemeka. Nikawafokea. Watu wazima, Mwalimu, nikawafokea. Wewe hukuwahi.

Leo Mama Lusajo, yule mchuma chai wa Suma uliyempokea kabla hujaugua, alishusha fidla magotini akasema taratibu, "Mwalimu, usikasirike. Sisi tunakuiga wewe. Hebu kiangalie hicho kidole gumba chako."

Nikakiangalia. Kilikuwa kimekakamaa, ukucha umekuwa mweupe. Nilikuwa nimeushika upinde kama mpini wa jembe. Uliniambia siku ya kwanza, "Shika kama unachuma chai. Ukilibana jani, umeliharibu." Maneno hayo nimewaambia kila siku, huku mkono wangu ukiwafundisha mengine.

Nikueleze ukweli. Naushika hivyo tangu ulipofariki. Upinde huu ni wako. Mkeo alinikabidhi siku ya matanga mbele ya watu wote, na tangu hapo naona kama kuna mtu atakuja kuninyang'anya. Naogopa. Na nimekukasirikia kwa kuondoka kabla hujamaliza kunifundisha. Nisamehe, ila ndivyo ninavyojisikia.

Mama Lusajo alinishika kidole, akakikunja kidogo. Tukavuta mvuto mmoja mrefu wa upinde, sote sita, kwenye uzi mtupu, bila kuubonyeza kwa kidole. Haukutetemeka. Mara ya pili ulitetemeka tena. Ya tatu sijui niseme nini, mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia vizuri. Wamekwenda nyumbani bila kuniuliza kama tuko tayari, na mimi sikuwaambia.

Basi kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika. Ninakuahidi jambo moja tu: kesho nitakaa mbele yao na kidole kilicholegea. Upinde ukiniponyoka, na uanguke sakafuni mbele ya wazee wote. Nitainama niuokote, nianze upya, huku wanafunzi wako wakiuangalia mkono wangu.

Mwanafunzi wako,
Tusekile