Mguu wa Selemani na Klachi ya Trekta

Mayfair, Johannesburg
16 Novemba 2024

Mpendwa wifi yangu Biubwa,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Bakiri na watoto, na mvua za vuli ziwe zimeshika huko Tanga. Hapa tunaamka na kulala, tunamshukuru Mungu. Ila nimechoka, wifi, uchovu ambao hata nikilala hauondoki. Mwanangu Tumu anakuamkia, shikamoo shangazi.

Ulilalamika kwamba mdogo wako Selemani hapokei simu zako. Una haki. Mambo haya kwa simu yangetushinda, wewe ungelia na mimi ningelia, tusingefika mwisho. Ndiyo maana naandika, naye anajua kwamba naandika. Jirani yetu Bushra anasafiri wiki ijayo, atakuletea.

Habari yenyewe inaanzia kwenye trekta, lile kuukuu jekundu tunalolimia kwenye shamba la kukodi, kusini mwa jiji. Mwezi wa tisa, tukiwa tunatayarisha ardhi kabla ya mvua, klachi ikaanza kuteleza. Injini inanguruma, trekta halivuti jembe, na harufu ya kuungua inapanda kutoka miguuni pa Selemani. Na pleti ya klachi tulikuwa tumeifunga mpya mwaka jana tu. Bila trekta hatuna spinachi, na bila spinachi, maduka ya Wasomali hapa Mayfair hayatatusubiri.

Tukamwita Gaston, fundi Mkongomani wa Uvira anayekaa Joubert Park. Kazi ile usiombe ikukute. Klachi imejificha katikati ya trekta, kwa hiyo ni lazima uligawe vipande viwili: unaliegemeza juu ya jeki na magogo, unafungua boliti, kisha unaisukuma injini mbele na gia boksi inabaki nyuma. Nilishika spana, nikashika magogo, nikasukuma mpaka kiuno kikafa ganzi. Lilipoachana, tukaona pleti imekuwa nyeusi na kulika kabisa, na beringi inayosukumwa na pedali imegeuka rangi kwa joto.

Gaston aliigeuzageuza mkononi, kisha akaniambia mimi, si Selemani: "Mama, kuko mutu anaachaga muguu juu ya pedali. Klachi haipumzikake."

Selemani akasikia. Akasema trekta haendeshi mtu mwingine ila yeye, na tangu ujana wake kwenye mashamba ya mkonge hajawahi kuegemea pedali. Nikamwamini. Moyoni nikamlaumu aliyetuuzia ile pleti, nikisema alitupa feki.

Tukafunga mpya, pleti na beringi. Kuzirudisha zile nusu mbili zikae sawa kulitutoa jasho kuliko kuzitenganisha. Selemani akapanda kujaribu, na Gaston akachuchumaa kando ya pedali.

"Kanyaga, muzee." Akakanyaga.

"Sasa achilia."

"Nimeachia."

"Muzee, bado."

"Nimeachia, Gaston. Unaniona mtoto?"

Gaston alinitazama, nami nikasogea nikaona. Buti la kushoto lilikuwa bado juu ya pedali, limeikandamiza nusu. Selemani naye akainama, akalitazama muda mrefu kama buti la mtu mwingine. Akazima injini. Hakushuka. Nikadhani amekasirika, nikapanda nikasimama karibu yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Tabia, mguu wangu nisipoutazama sijui uko wapi."

Wifi, alikuwa anajua tangu baridi ya mwaka jana. Ganzi ilianza vidoleni ikapanda. Alikumbuka mguu wa marehemu mama, ulivyoanza hivyo hivyo na ulivyoishia kukatwa, na wewe uliyemuuguza unajua zaidi yetu. Akaona heri anyamaze.

Nyumbani nilimvua buti. Ndani mlikuwa na kipande cha waya wa fensi, sijui amekikanyaga tangu lini. Kidonda kilikuwa chini ya kidole kidogo, na yeye hakukisikia hata mara moja.

Hospitali walisema ni kisukari. Nesi alizungumza Kizulu, na Tumu, ambaye Kiswahili chake unakijua, ndiye aliyemfasiria baba yake: "Baba, wanakata kidole. Si mguu. Mguu wanaacha." Aliyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko alivyoulizwa, kisha akatoka nje kulia.

Kidole kimeondoka na mguu umebaki, alhamdulillahi. Kidonda kinafunga polepole. Trekta naendesha mimi sasa. Gaston alinifundisha, na mistari yangu ya mwanzo ilipinda hadi majirani wakacheka. Spinachi tumechelewa kuipanda, na duka moja tumeshalipoteza. Nikirudi, kuna kupika, kuna kidonda cha kuosha. Sikuandikii ili unionee huruma, ila sina mwingine wa kumwambia.

Nakuomba jambo moja, wifi. Wewe na Selemani mmetoka tumbo moja. Nenda kapime sukari, na watoto wakubwa uwapeleke. Usiseme huumwi, yeye pia alisema hivyo.

Msalimie shemeji Bakiri, bibi Tabu wa jirani, na Pandu wa kaka yenu, mwambie baba yake mdogo anamkumbuka. Mungu awahifadhi nyote na atukutanishe tukiwa na afya.

Kila baada ya Isha, Selemani hufumba macho, nami namgusa vidole vya miguu kimoja kimoja, anataja ni kipi. Vingi anakosea, na siku za mwanzo aliniomba niseme amepatia. Akikosea namwambia amekosea, naye haniombi tena nimdanganye.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Tabia