Watoto wa Jiwe Katika Kanisa la Kijijini

Bibi yangu mpendwa,

Tangu Mungu akuchukue nimefika mara mbili nyumbani kwako Al Khuwair, hapa Maskati, pale nilipokuwa nikikuhudumia, na mara zote mbili nilishindwa kubonyeza kengele. Basi nakuandikia, ingawa kalamu si kazi yangu.

Unakumbuka familia yako ilipokupeleka Uingereza kwa matibabu, wakanichukua na mimi nikushike mkono? Siku moja mvua ilitukimbiza tukaingia kanisa la kijijini. Ukaniuliza mlangoni, "Mimi na buibui langu, hawatanifukuza?" Nikakwambia, "Nani wa kukufukuza, Bibi? Humu hata watu hamna."

Kuta zilikuwa nene kama za ngome, na mawe ya sakafu yamelika kwa nyayo. Mimi niliyezoea kusali kwenye makanisa ya mabati kwetu Kenya, niliyatazama yale matao yaliyochongoka mpaka shingo ikauma. Wewe ulienda moja kwa moja kwenye kaburi lililo kando ya ukuta. Juu yake mtu na mkewe wa jiwe jeupe wamelala chali, viganja vimekutana, na mbwa miguuni.

"Hata mbwa kamlaza naye," ulisema. "Watu hawa."

Ubavuni mwa kaburi walichongwa watoto wao, wamepiga magoti kwa safu. Baadhi walishika fuvu dogo la kichwa. Mama mmoja aliyekuwa akipanga maua alitueleza kwamba hao ndio waliokufa kabla ya wazazi wao. Nikakutafsiria. Ukasema, "Lakini wamo kwenye safu."

Hapo machozi yakanitoka. Ulishangaa, maana nilikuwa nimekwambia nina mtoto mmoja tu, Neema. Ndivyo nilivyomjibu kila mtu, hata kliniki. Mume wangu aliomba tusimtaje yule wa kwanza, aliyefariki angali mchanga, tusichokonoe kidonda.

Ulikaa kwenye benchi ukanivuta karibu. "Mimi nnao saba. Wanne wako Maskati, watatu wako kwa Mola wao. Tumbo ni lile lile. Haya mwanangu, wewe unao wangapi?"

"Wawili, Bibi."

"Sikusikia. Sema tena."

Ulisikia sana. Ulitaka nisikie mimi.

Sasa Neema amekua, anachora kila karatasi anayoipata. Juzi alituchora sisi watatu, huku baba yake anakula, ametoka kazini Wattaya. Nikamwambia, "Acha nafasi ya kaka yako."

"Kaka gani?"

Mume wangu akaweka kijiko chini. Nilidhani atainuka aondoke. Akavuta ile karatasi karibu, akamwambia, "Anaitwa Baraka. Alikuwa na nywele nyingi kukushinda wewe."

Bibi, miaka sita tangu tumzike nilidhani ni mimi peke yangu niliyeziona zile nywele.

Pumzika na watatu wako.

Mwanao,
Mama Baraka